Ondoeni Kifuniko cha Kamera Kabla ya Kuwasha Droni: Wajibu Mdogo katika Uwakili wa Mali ya Kanisa



Wapendwa waamini, katika miaka ya hivi karibuni parokia nyingi zimeanza kutumia ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita droni na wengine huiita ndege nyuki, ili kupiga picha za matukio makubwa ya Kanisa. Tunaiona kwenye upadrisho, kwenye jubilei za watawa, kwenye kutabaruku makanisa mapya na kwenye maandamano ya Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Picha zake huwafikia wagonjwa walio majumbani, na pia watoto wa parokia walio mbali kwa kazi au masomo. Ni chombo chema. Hata hivyo, ni chombo chepesi kuharibika, na mara nyingi huharibika kwa sababu ndogo kuliko tunavyodhani.

Katika makala haya tunapenda kueleza jambo moja tu: kwa nini kifuniko kinachokinga kamera ya droni kinapaswa kuondolewa kabla chombo hakijawashwa. Huenda msomaji akajiuliza jambo la namna hii linaihusu nini tovuti ya jimbo. Tuanze basi kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha.

Kosa tulilolitenda kwa haraka

Parokia tuliyokuwa tukiihudumia ilikuwa inaadhimisha jubilei. Kamati ya mawasiliano, ambayo sehemu kubwa yake ni vijana, ilikuwa na droni iliyonunuliwa kwa michango ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tuliyapokea baadhi ya michango hiyo kwa mikono yetu. Mingine ilikuja ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga, noti moja moja, kutoka kwa akina mama ambao siku hiyohiyo walikuwa na ada za watoto za kulipa.

Asubuhi ya jubilei, msafara wa Baba Askofu ulifika mapema kuliko ulivyotarajiwa. Kijana aliyekabidhiwa droni alikuwa ameitoa kwenye mkoba na alikuwa bado anaiandaa. Tukamwita kwa sauti kubwa: "Rusha, Baba Askofu ameshafika!" Akajibu kwa adabu, "Baba, bado kidogo." Nasi tukamrudia kwa ukali kwamba hapakuwa na muda wa kidogo.

Akaiwasha. Kamera ikatetemeka, ikatoa mlio mwembamba, na kwenye skrini likatokea onyo. Kwa kuwa tulikuwa tumesimama pembeni yake tukimkodolea macho, hakuthubutu kutulia na kulisoma. Aliizima, akaiwasha tena, akaizima, akaiwasha kwa mara ya tatu. Kifuniko kilikuwa bado kimeivaa kamera. Kilikuwa cha plastiki inayopenyeza mwanga, na katika jua la asubuhi kilionekana kama sehemu ya kamera yenyewe. Alipokigundua na kukiondoa, picha zilikuja zikiwa zimelala upande na zinatikisika. Jubilei ile haina picha hata moja iliyopigwa kutoka angani. Baadaye fundi alieleza kwamba utepe mwembamba wa nyaya zinazoihudumia kamera ulikuwa umeumia. Fedha ya matengenezo ilitoka kwenye fungu ambalo kamati ilikuwa imelitenga kwa ajili ya vipaza sauti vya kigango.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba jioni ile, mbele ya Halmashauri ya Walei, tulimlaumu kijana yule. Ilitupasa kwanza kujilaumu sisi.

Gimbali ni nini, na inafanya kazi gani

Ili kuelewa kilichotokea, yafaa kujua namna kamera ya droni ilivyofungwa. Droni inapokuwa angani haitulii. Upepo huisukuma, nayo huinama mbele ili iende mbele na hulalia upande ili igeuke. Kama kamera ingefungwa moja kwa moja kwenye mwili wake, kila mwinamo ungeonekana kwenye picha, na mtazamaji angepata kizunguzungu. Kwa sababu hiyo kamera hubebwa na mkono mdogo uitwao gimbali. Kazi yake ni kuitunza kamera katika utulivu wakati mwili wa droni unayumba.

Katika droni nyingi za kupigia picha, gimbali huwa na mota tatu ndogo sana. Ya kwanza huinamisha na kuinua kamera. Ya pili huizuia isilale kulia wala kushoto, ili upeo wa macho ubaki umenyooka. Ya tatu huigeuza pembeni. Mota hizi huongozwa na vihisio vinavyopima mwendo na mwinamo mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Kila droni inapoyumba, mota huzunguka kinyume cha mwyumbo huo, na kamera hubaki imetulia. Gimbali yenyewe huning'inia kwenye vipande vidogo vya mpira ambavyo hupunguza mtikisiko wa mapanga yanayozunguka.

Ni dhahiri kwamba kiungo kama hiki hakiwezi kuwa kizito. Droni ya Mavic Mini, iliyotoka mwaka 2019, ina uzito wa gramu 249 pamoja na betri yake na mapanga yake. Ndani ya uzito huo mdogo, fungu la gimbali ni dogo zaidi: mikono myembamba, mota ndogo kuliko kifundo cha kidole, na utepe wa nyaya ulio mwembamba kama karatasi.

Hapo ndipo kifuniko kinapopata maana yake. Droni inapokuwa imezimwa, mota hazina nguvu ya kuishikilia kamera, nayo hulegea na kuning'inia. Mkoba ukirushwarushwa juu ya pikipiki katika njia ya kigango chenye makorongo, kamera hiyo hugongagonga huku na huku. Kifuniko huishika isicheze, na huikinga lenzi na vumbi na mikwaruzo. Kwa hiyo kifuniko ni rafiki wa kamera wakati wa safari na wakati wa kuhifadhi.

Kwa nini kifuniko kiondolewe kabla ya kuwasha

Rafiki huyo wa safarini hugeuka kuwa kizuizi mara tu umeme unapoingia. Droni inapowashwa, jambo la kwanza gimbali inalolifanya ni kujipima. Huizungusha kamera juu na chini, kulia na kushoto, ili itambue mwisho wa kila upande na mahali ulipo usawa. Kisha huiweka kamera katikati na kutulia. Zoezi hili huchukua sekunde chache tu, na tukitazama vizuri tunaweza kuliona kwa macho.

Kama kifuniko bado kipo, mota hupokea amri ya kuzunguka ilhali kamera imefungwa. Mota ikizuiwa huvuta umeme mwingi zaidi na huanza kupata joto. Droni nyingi zina kinga ya kutambua hali hiyo. Huzikata mota nguvu na kuleta onyo kwenye skrini kwamba mota ya gimbali imezidiwa. Mtetemeko na mlio tuliousikia siku ya jubilei ulikuwa sauti ya mota zikipambana na kifuniko.

Lazima tuwe wakweli ili tusiwatie watu hofu isiyo na sababu. Kusahau kifuniko mara moja, kukitambua upesi na kuizima droni, kwa kawaida hakuleti madhara ya kudumu. Kinachoumiza ni kurudia. Kila jaribio jipya huzilazimisha mota, huivuta mikono myembamba, na huweza kuunyonga ule utepe wa nyaya au kuvichomoa vile vipande vya mpira mahali pake. Zaidi ya hayo, gimbali ambayo haikufanikiwa kujipima haijui usawa uko wapi, na ndiyo maana picha hutoka zimelala upande.

Ipo pia hatari inayowahusu watu walio chini. Kifuniko kilichofungwa nusu kinaweza kuanguka wakati droni iko juu ya waamini, na katika baadhi ya aina kifuniko hukaa karibu na vihisio vinavyoisaidia droni kuona vikwazo na kutua salama. Kwa hiyo mwenye kurusha asijifariji kwamba mapanga yanazunguka vizuri. Mapanga kuzunguka ni jambo moja, na droni kuwa tayari ni jambo jingine.

Utaratibu tunaoupendekeza

Baada ya lile lililotupata, tuliketi na vijana wetu tukaandika utaratibu mfupi, tukaubandika ndani ya mfuniko wa mkoba wa droni. Tunaushirikisha hapa kwa parokia nyingine.

Kwanza, mkoba ufunguliwe mahali penye utulivu, palipo mbali kidogo na umati, angalau robo saa kabla ya tukio. Kifuniko cha kamera kiondolewe kwanza, kabla hata ya kukunjua mikono ya droni. Mpangilio huu una sababu. Zipo droni mpya ambazo hujiwasha zenyewe mara mikono yake inapokunjuliwa, na kwa hizo anayeanza na mikono amekwisha kuchelewa. Kifuniko kisivutwe kwa nguvu. Kilegezwe mahali kilipobana, kisha kitolewe taratibu bila kuishika kamera yenyewe, na kirudishwe ndani ya mkoba mahali pake palepale kila siku. Mkoba ukionyesha kifuniko mahali pake, kila mtu anajua kwamba kamera iko wazi.

Pili, droni iwekwe juu ya kitu kigumu na sawa, kama ubao au sakafu ya saruji. Majani marefu huweza kuizuia kamera sawasawa na kifuniko, na mchanga huingia kwenye mota.

Tatu, iwashwe rimoti kwanza, kisha droni. Katika droni nyingi, kitufe cha betri hubonyezwa mara moja, na taa ndogo huonyesha kiasi cha umeme uliomo; kisha hubonyezwa tena na kushikiliwa mpaka droni iwake. Tumewafundisha vijana wetu kuutumia ule upenyo mdogo kati ya mbonyezo wa kwanza na wa pili. Katika upenyo huo wainame, waitazame kamera kwa macho yao na kusema kwa sauti, "Kamera iko wazi." Mwenzake aliye karibu naye aitikie, "Iko wazi." Ndipo abonyeze mara ya pili.

Nne, wasubiri gimbali imalize kujipima, kamera itulie na picha ionekane imenyooka kwenye skrini. Kama onyo likitokea, lisomwe. Droni izimwe, ikaguliwe kama kuna kifuniko, jani au uchafu unaoizuia kamera, kisha iwashwe mara moja tena. Kama onyo likibaki, droni isirushwe siku hiyo. Ipelekwe kwa fundi. Mtu asijaribu kuizungusha kamera kwa vidole ili "kuizoesha."

Tano, baada ya kutua, droni izimwe kwanza, kisha rimoti. Kamera ikiisha kulegea, ielekezwe polepole katika mkao wake wa kawaida, na hapo ndipo kifuniko kirudishwe. Kukirudisha wakati droni inawaka ni kosa lilelile kwa njia nyingine.

Yanayotangulia hata kifuniko

Utaratibu wa kifuniko hauondoi wajibu mwingine uliotangulia. Hapa Tanzania, urushaji wa droni unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na kibali kitafutwe mapema, si asubuhi ya tukio. Parokia ambayo haina kibali isirushe, hata kama tukio ni takatifu namna gani. Utii kwa sheria halali za nchi ni sehemu ya ushuhuda wetu.

Tena, droni ina kelele. Maelekezo ya Kanisa yaitwayo Eucharisticum Mysterium, ya tarehe 25 Mei 1967, katika namba ya 23, yanataka upigaji picha usivuruge adhimisho la Misa, ufanyike kwa busara kubwa, na ufuate taratibu zilizowekwa na Askofu mahalia. Kwa hiyo tunapoadhimisha Misa uwanjani, droni ipige picha za maandamano ya kuingia na za umati baada ya baraka ya mwisho. Wakati wa Neno la Mungu na wa Sala ya Ekaristi iwe imetua, imezimwa na kufunikwa. Waamini wamekuja kukutana na Kristo, na picha inafuata baadaye.

Mali hii ni ya nani?

Turudi sasa kwenye swali la mwanzo: jambo hili linaihusu nini imani yetu? Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwakumbusha waamini kwamba vyombo vya mawasiliano ni matunda ya akili ambayo Mungu amemjalia mwanadamu, na kwamba Kanisa lina wajibu wa kuvitumia kwa ajili ya uinjilishaji. Atakaye kukitumia chombo hana budi kukifahamu.

Nayo Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1284, inawataka wote wanaosimamia mali za Kanisa wafanye kazi yao kwa bidii ya baba mwema wa familia, na wahakikishe kwamba mali zilizokabidhiwa kwao hazipotei wala haziharibiki. Kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mashamba na majengo pekee. Kijana aliyeshika mkoba wa droni kwa saa moja ameshika mali ya watu wa Mungu kwa saa hiyo. Paroko anayemwamuru naye atatoa hesabu, na hesabu yake ni kubwa zaidi.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 31 ya Kanuni yake, anamtaka mtunza ghala wa monasteri avione vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Kwa mtazamo huo, jembe, sufuria na kalamu vyote vinastahili heshima, kwa kuwa vyote vinawahudumia ndugu. Tukimfuata Mtakatifu huyo, hatuoni haya kusema kwamba hata kifuniko cha plastiki, kisicho na uzito mkononi, kinaweza kuwa mahali pa kuuishi uaminifu. Bwana wetu ametufundisha kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia (taz. Lk 16:10).

Lakini uaminifu huo hauwezi kudaiwa kwa vijana peke yao. Sisi mapadre, makatekista na viongozi wa walei tunao wajibu wa kuwapa muda. Mara nyingi tunawakabidhi vijana chombo cha thamani, tunawanyima dakika tano za kukiandaa, na kinapoharibika tunawanyima hata nafasi ya kujieleza. Kijana anayeogopa kukemewa hatauliza. Atazima na kuwasha, atazima na kuwasha, mpaka chombo kife mikononi mwake. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Tunakubali kwamba siku ile haraka ilikuwa yetu, na hasara ikawa ya parokia.

Jumapili iliyofuata, mwishoni mwa Misa, tulimwomba radhi kijana yule mbele ya waamini. Akina mama waliomba kuiona droni. Aliiweka juu ya meza nje ya kanisa, akawaonyesha kifuniko kinavyotoka na kamera inavyojipima, nao wakamuuliza maswali mengi kuliko tuliyowahi kumuuliza sisi. Tangu siku hiyo, anapoifungua ile mikanda ya mkoba, kuna mtu wa parokia anayesimama karibu naye na kumwuliza, "Iko wazi?"

Tunawaombea wote wanaohudumu katika mawasiliano ya parokia zetu. Bikira Maria wa Loreto, ambaye Papa Benedikto wa 15 alimtangaza mwaka 1920 kuwa msimamizi wa wasafiri wa anga, awaongoze pia wale wanaorusha vyombo vidogo kwa ajili ya kazi kubwa ya Injili. Nasi tuwasaidie kwa sala, kwa subira, na kwa zile dakika tano.